Baharia wa Mbotela na Kikombe cha Awale

Ukifika mtaa wa Mbotela, Nairobi, ukauliza nyumba ya Farid Shekuwe utazungushwa mpaka soli ya kiatu iishe, kwa sababu Farid Shekuwe hajulikani na mtu. Uliza nyumba ya Baharia. Hapo utaonyeshwa na kila mtu, hata na yule ambaye hukumuuliza: ile pale, yenye boya jekundu ukutani, kibao kilichochorwa nanga, na vikombe vya bati vinavyoning'inia kwenye misumari barazani. Mwenyewe utamkuta amekaa chini ya boya, kofia ya vito imeegemea sikio moja, kikoi kimekazwa kiunoni, anaitazama njia ya kwenda Jogoo Road kana kwamba wakati wowote itapita meli.

Sasa nikwambie jambo, na wala simsengenyi mzee wa watu. Baharia huyu hajawahi kusafiri baharini hata siku moja. Kivuko cha Likoni chenyewe, kile kinachovuka kabla hujamaliza kutafuna karanga, alikuwa akikipanda amefumba macho na kukumbatia nguzo.

Si kwamba hakujaribu. Mwaka wa sabini na nane, kijana wa miaka ishirini, kifua mbele, masharubu bado yanajitafuta, alikwenda bandari ya Kilindini, Mombasa, kuomba kazi melini. Meli ilikuwa imefungwa gatini kwa kamba nene kama paja, imetulia tuli. Farid akapanda ngazi, akasimama juu ya sitaha, akavuta pumzi moja ya kishujaa, na papo hapo akatapika juu ya viatu vya serahangi, yaani yule msimamizi wa mabaharia. Viatu vilikuwa vipya. Bahati yake serahangi alikuwa mcha Mungu, badala ya kumtupa majini alimshika sikio, akashuka naye, akavuka naye barabara mpaka Nyumba ya Nanga, akasema, "Mpeni huyu chai ya tangawizi, na tafadhalini msinirudishie."

Nyumba ya Nanga ilikuwa klabu ya hisani ya mabaharia. Waliianzisha watu wa kanisa na matajiri wawili watatu wa mjini, zamani za mkoloni, baada ya kuchoka kuwaona mabaharia wakilala juu ya magunia nje ya lango la bandari. Walianza na chumba kimoja cha mabati na birika. Farid alipoletwa kwa sikio, klabu ilikuwa imeshakuwa jumba zima: ukumbi wenye meza ya biliadi, kabati la vitabu vya lugha kumi na moja, simu ya kupigia nyumbani, kikanisa upande wa kushoto, chumba cha kuswalia upande wa kulia, na katikati jiko, ambako dini zote zilikutana bila ugomvi. Siku hiyo alikunywa chai, tumbo likatulia, akaosha kikombe chake bila kuambiwa, kisha akaosha na vingine vitatu vilivyokuwa karibu. Msimamizi alikuwa anatafuta muosha vikombe wiki ya pili hiyo. Farid alitoka pale baada ya miaka thelathini na minane.

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa mahali popote, na kwa sababu haikuandikwa hakuna aliyethubutu kuivunja. Kila baharia aliyeingia mara ya kwanza alipewa kikombe chake cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, jina lake likaandikwa chini kwa rangi ya kucha. Kikombe cha kwanza cha chai hakilipiwi. Madhali yuko bandarini, kikombe chake kinaning'inia msumarini. Siku meli yake inapong'oa nanga, kikombe kinaoshwa, kinafutwa na kuwekwa juu ya rafu kimepinduliwa, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukinywea mpaka mwenyewe arudi, iwe mwezi au iwe miaka sita. Habari ya kifo ikija, kikombe kinafungwa gazetini na kupelekwa kwa watu wake na meli yoyote inayokwenda upande huo. Habari isipokuja, kikombe kinangoja. Na mngojeaji alikuwa Farid.

Kisha yakaja makontena. Zamani meli ilikaa gatini wiki tatu ikipakuliwa gunia kwa gunia, baharia akapata nafasi ya kunyoa, kuandika barua, hata kuposa. Makontena yalipokuja, meli ikawa inaingia asubuhi na kutoka jioni, baharia anaitazama Mombasa kwa mbali kama mgonjwa wa wodini. Simu nazo zikaingia mifukoni, ile ya klabu ikaota buibui. Mwaka 2016 watu wa hisani waliosalia, wote wazee wenye magoti mabovu, walifunga lango wakagawana kumbukumbu. Mmoja akachukua meza ya biliadi, mwingine vitabu. Farid aliomba birika kubwa, boya, kibao na vikombe ambavyo vilikuwa havina wenyewe. Na kikombe kimoja chenye mwenyewe, akakipakata mapajani njia nzima mpaka Nairobi, kimepinduliwa.

Chini ya kikombe hicho paliandikwa Awale. Huyo alikuwa baharia wa Kisomali, mrefu, mcheshi, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimekatwa na kamba. Kwa miaka mingi kila meli yake ilipotia nanga alikuwa wa kwanza kufika klabuni na wa mwisho kuondoka, na alikuwa akimsimulia Farid safari zake huku Farid anaosha vyombo. Mwaka 2011 aliondoka na meli ya mizigo. Pale mlangoni alisema, "Farid, kikombe changu kipindue vizuri, vumbi lisiingie." Farid akasema, "Nenda salama, kitakungoja." Basi. Tangu siku hiyo hakuna barua, hakuna salamu, hakuna habari ya uhai wala ya kifo.

Huko Mbotela binti yake Rufaida alikuwa amempatia nyumba yeye na mkewe, mwenyewe akakaa mtaa wa Umoja kwa mumewe. Lori lilipofika kushusha mizigo, cha kwanza kushuka kilikuwa boya na cha pili kibao cha nanga. Majirani wakasogea. Mwongeli, anayeuza sukuma wiki mlango wa tatu, akapiga makofi. "Aki! Kumbe tumeletewa baharia!"

Farid akafungua kinywa kusema la. Wallahi alitaka kusema la. Lakini alikuwa amechoka, ametoka kupoteza kazi ya maisha yake, na hapa yuko mwanamke asiyemjua anamtazama kama mtu. Likamtoka jingine: "Ah, mambo ya zamani hayo, mama."

Huo si uongo. Ni mjomba wake. Na kama mjuavyo mjomba akishakaribishwa, wapwa hawakawii. Wiki ya pili Farid alikuwa amefika Karachi. Mwezi wa tatu amefika Yokohama. Mwaka ulipokwisha alikuwa na dhoruba nzima ya kwake, hiyo ndiyo iliyompa jina: meli imetoka Durban na shehena ya saruji, mawimbi kama ghorofa za Buruburu, sufuria ya wali inaruka kutoka jikoni na kumvaa kapteni kichwani kama kofia, na Farid, maskini, amejifunga kwa kikoi kwenye bomba siku mbili, anakula mvua. "Kikoi chenyewe ndicho hiki," alikuwa akisema, na watu wanakishika kwa heshima. Kikoi hicho mkewe alikinunua sokoni Kongowea.

Mkewe ni Kadija, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Yeye hakumuumbua kamwe mbele za watu; alingoja waondoke. "Baharia wangu," angesema, "ndoo ya bafuni imejaa mpaka juu, chukua boya uniokolee sabuni." Au kikombe cha Awale alipokuwa akikipangusa kila Ijumaa: "Huyu mke mwenzangu leo amependeza. Mimi lini uliniosha kwa mikono miwili?" Lakini siku nyingine aliacha mzaha. "Baba Rufaida, njia ya mwongo ni fupi. Na wewe hata mbio hujui."

Farid alikuwa na jibu. Alisema, watu wasingekuja kunywa chai kwa muosha vikombe. Na kweli walikuja. Maana tusimwonee, mzee huyu aliifufua Nyumba ya Nanga barazani kwake, ndogo lakini hai. Kibarua aliyetembea kutoka Mukuru kwa Njenga akakosa kazi viwandani alipata kikombe cha kwanza bure. Akirudi mara ya pili alikuta jina lake chini ya bati. Mukhwana, mlinzi wa usiku, alipokwenda Bungoma kuvuna mahindi, kikombe chake kilikaa rafuni kimepinduliwa mwezi mzima, na aliporudi akakishusha mwenyewe huku ameng'aa meno. Juu ya mlango Farid alikuwa ameandika kwa chaki, "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani." Luseno, fundi viatu, alimwuliza siku moja, "Mzee, tezi ndiyo mbele au nyuma ya chombo?" Farid akafikiri sana, akasema, "Inategemea umeelekea wapi."

Na kile kikombe kilichopinduliwa pembeni, ambacho hakuna aliyekigusa? "Cha rafiki yangu tuliyekuwa naye melini," alisema Farid, na akabadilisha mazungumzo.

Hivyo ndivyo maisha yalivyokwenda miaka tisa, mpaka ile Alhamisi. Luseno kila Alhamisi hubeba sanduku lake kwenda mtaa wa Tena, ana wateja wake huko. Jioni hiyo alirudi mbio, hata kuketi hakuketi.

"Mzee, leo huko Tena nimekutana na mtu wako."

"Mtu wangu nani?" Farid alikuwa anamimina chai.

"Nilikuwa nashona kiatu cha mzee mmoja Msomali, mrefu hivi, amekaa na mguu wa soksi ananingoja. Sasa si unajua mimi nikishona mdomo haukai? Nikawapigia watu pale ile dhoruba yako. Nilipofika mahali pa sufuria kumvaa kapteni, mzee akainuka na soksi yake mpaka mbele yangu. 'Hiyo umeitoa wapi?' Nikamwambia kwa Baharia wa Mbotela, aliyekuwemo mwenyewe. 'Mwenyewe alikuwemo?' Nikamwambia mwenyewe, na kikoi anacho! Akacheka peke yake, akarudi kuketi. Amesema Jumapili alasiri atakuja kukuona."

"Jina lake?"

"Jina sikuuliza. Lakini kidole kidogo cha mkono huu hakipo."

Chai ikapita mdomo wa kikombe, ikamwagika kwenye goti la Farid, na goti lenyewe likachelewa kuhisi.

Yu hai! Awale yu hai, tena yuko Tena, mahali ambapo mtu anaweza kwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Farid aliingia ndani akakaa kitandani, machozi yakamtoka bila kelele. Miaka kumi na minne amekipangusa kikombe kile asijue anampangusia maiti au mzima. Alifurahi furaha ambayo hakuwa nayo tangu Rufaida azaliwe. Halafu, kabla furaha haijakaa vizuri, likamjia la pili: dhoruba ni ya nani? Karachi ni ya nani? Yokohama je? Mwenyewe anakuja Jumapili, na baraza Jumapili hujaa.

Kadija alipomkuta hapo na kuambiwa, alishika kifua kwanza, akasema alhamdulillahi mara tatu. Kisha akamtazama mumewe. "Basi mbona umekaa kama uliyeletewa msiba?"

"Atanivua nguo mbele za watu, Kadija."

"Nguo gani? Zenyewe si zako, za kuazima." Akaketi kando yake. Sauti ikapoa. "Sikiliza. Kikombe kikiwa pale rafuni, atakiona na kusema kweli: huyu ndiye aliyekuwa akiniwekea chai. Ukikificha usalimike, umemnyima mtu kitu ulichomwahidi mlangoni. Chagua, Baba Rufaida. Ubaharia au Nyumba ya Nanga. Viwili havikai rafu moja."

Farid hakuchagua. Farid alianza kuugua. Ijumaa alirudi msikitini amejishika mbavu, akajifunika gubigubi, akasema homa hii huenda ikafika hadi Jumatatu. Kadija akamchemshia mwarobaini, bakuli zima, akamsimamia. Homa ikaisha kabla ya bakuli. Jumamosi asubuhi alitoa begi. "Naenda Mombasa mara moja. Shemeji yangu anaumwa."

"Shemeji yako ni ndugu yangu," Kadija akasema, "na sasa hivi nimetoka kuongea naye. Anakula samaki."

Jumamosi mchana, Kadija alipokwenda sokoni, Farid alifanya lile ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote. Alikitoa kikombe cha Awale rafuni akakifungia kabatini, chini ya mashuka. Kisha akarudi kuketi chini ya boya. Hakuweza kuketi. Alama ya mviringo ilibaki kwenye mbao, safi, pasipo vumbi, na kila alipogeuka jicho lilimwangukia. Mwongeli akapita na karai lake. "Mzee, kikombe cha rafiki yako kiko wapi? Amekufa?"

"Ala! Nani amekuambia amekufa?" Farid aliruka kwa hasira ambayo ilimshangaza hata yeye. Mwongeli akaenda zake akiguna. Farid akaingia ndani, akakitoa kikombe, akakipangusa tena ingawa kilikuwa safi, akakirudisha juu ya alama yake. Aliona haya mbele ya bati.

Jumapili alasiri baraza lilikuwa limejaa, Luseno alikuwa ameshawaambia wote kwamba leo dhoruba itasimuliwa na wawili. Awale alikuja taratibu na bakora, mwembamba kuliko zamani, ndevu zimepakwa hina, kiatu kimoja kinang'aa ushonaji mpya. Akasimama mbele ya ngazi, akasoma kibao, akalitazama boya, akamtazama mwenyeji wake kwa tabasamu la upande mmoja.

"Asalaam aleikum, Baharia."

"Waaleikum salaam," akajibu Farid, kwa sauti ndogo kama ya bibi harusi.

Walishikana mikono, na mikono ikakataa kuachana. Awale alipewa kiti, akaketi, akaegemeza bakora, akangoja. Macho yake yalikuwa hayajapanda rafuni.

"Wazee," Luseno akasugua viganja, "leo tunataka tuisikie kwa vinywa vya wenyewe."

"Mwenye nyumba ndiye mwenye hadithi," Awale akasema. "Anza, Baharia. Mimi nitakukumbusha ukisahau."

Kadija alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mahamri. Hakumsaidia mumewe hata kwa kope.

Farid akakohoa. "Tulikuwa tumetoka Durban," akaanza. "Tulikuwa tumetoka Durban, na shehena ya saruji, na upepo..." Mikono ilipanda kukishika kikoi kama kawaida yake, na ikashuka. Hapo ndipo alipouona uso wa Awale vizuri. Mtu yule alikuwa amezeeka mno. Miaka kumi na minne ilikuwa imemtafuna mahali fulani, na yeye Farid amekaa hapa anajivalisha mawimbi yake. Ndipo akaona aibu ya kweli, si ile ya kuogopa kuchekwa.

Akainuka. Akakiendea kikombe rafuni, akakichukua kwa mikono miwili, akakigeuza. Mbele za watu wote, kwa mara ya kwanza tangu 2011, mdomo wa kikombe kile ukatazama juu. Akamimina chai ya tangawizi, akaweka sukari vijiko viwili na nusu bila kuuliza, akampa Awale.

"Jamani," akasema. "Mimi si baharia. Mimi nilikuwa muosha vikombe katika klabu ya mabaharia, miaka thelathini na minane. Durban sijafika. Karachi sijafika. Dhoruba ni ya mwenye kikombe hiki, na mimi nimeiiba. Kikoi ni cha Kongowea."

Mwongeli akapasuka kicheko mpaka akamshika Mukhwana bega.

"Woi, mzee! Si tulijua!"

"Mlijua nini?"

"Yale mafuriko ya Aprili, tulipokuwa tunavuka hapa njiani juu ya ule mlango wa mbao tulioufanya mtumbwi! Ulipanda, kabla hata hatujasukuma ukatapika. Ukatuambia ni maharagwe. Baharia gani anatapika juu ya mlango?"

Farid alimtazama mmoja baada ya mwingine. Luseno alikuwa anatazama kucha zake. Mukhwana ameficha uso kwenye kofia. Wote! "Sasa mbona mliniacha nisimulie?" akauliza, na kusema kweli alikuwa ameudhika kidogo, kwa maana mtu akitubu anatarajia walau kustaajabiwa.

"Tulikuwa tunaipenda ile dhoruba," Luseno akasema. "Na chai."

Awale alikuwa amefunika uso kwa kiganja, mabega yanatikisika. Alipokiondoa macho yalikuwa yamelowa kwa kicheko. "Basi na mimi niseme, maana leo ni siku ya kusema. Siku ya dhoruba ile mimi nilikuwa chini kitandani, nimejikunyata na ndoo. Aliyejifunga kwenye bomba alikuwa mpishi, mtu wa Pemba. Niliichukua kwake. Nikaja kukuuzia wewe, Farid, kwa sababu ulikuwa unaosha vyombo kwa bidii nikaona mtu huyu anastahili dhoruba nzuri."

Hapo Farid mwenyewe akacheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka, na Kadija akayagawa mahamri huku akisema, "Subhanallah, miaka yote nimelishwa dhoruba ya mitumba."

Kicheko kilipotulia, Awale alikuwa amekiinua kikombe, anasoma jina lake chini yake, rangi ya kucha imefifia lakini ipo. Hakuwa anatabasamu tena.

"Unajua nilikuwa wapi?" akasema. "Mwenye meli alitutelekeza katika bandari moja ya mbali, jina lake sitaki kulitaja. Miezi kumi na minne tumekaa ndani ya meli, kushuka haturuhusiwi, mshahara hakuna, maji ya kunywa tunapimiana kwa kifuniko. Jioni wenzangu walikuwa wanataja wanaowangoja nyumbani. Huyu mke, huyu mama, huyu watoto watano. Mimi mke wangu alikuwa ameshakufa, binti yangu sikujua vita vimemtupa wapi. Zamu yangu ikafika, sina wa kumtaja. Nikasema, mimi nina kikombe Mombasa, kimepinduliwa. Walicheka mpaka wakasahau njaa."

Akanywa kidogo.

"Lakini mimi sikucheka, kwa sababu nilijua ni kweli. Siku nilizokata tamaa nilikuwa najiambia, Awale, ukifa hapa bila mtu kupata habari, yule Farid atakaa na kikombe chako mpaka lini? Atakuwa anakipangusa kila Ijumaa mpaka azeeke. Nikaona huko ni kukuonea. Nikaamka nikapanga foleni ya maji." Akageuza kikombe kiganjani. "Tuliposhushwa nilikwenda kumsaka binti yangu kwanza, ikanichukua miaka mpaka nikampata. Mwaka 2018 nilikuja Mombasa, nikakuta pale pamekuwa ghala la vigae. Mlinzi hakujua lolote, nikarudi kwa binti yangu, huko Tena."

Farid aliinama akamwongezea chai.

Walikaa mpaka jua likawa jekundu juu ya mabati. Awale alipomaliza chai yake ya nne alinyoosha mkono kuchukua bakora. Farid naye, kwa mazoea ya miaka yote ile, alikichukua kikombe, akakiosha, akakifuta kwa upindo wa kikoi, akageuka kukiweka rafuni juu ya alama yake. Akakipindua.

Mkono wenye vidole vinne ukamshika kifundo cha mkono.

"Unanifukuza?" Awale akasema. "Mimi nakaa Tena. Nitafutie msumari."

Misumari yote ilikuwa na vikombe. Luseno akafungua sanduku lake, akatoa nyundo, akachagua msumari mrefu kuliko yote aliyokuwa nayo, akaupigilia ukutani chini ya boya. Wa kwanza ukapinda. Wa pili ukakaa. Farid akakitundika kikombe, akarudi nyuma hatua mbili kukitazama, na kwa kuwa kilikuwa kimekaa upande, Kadija akasogea akakinyoosha.